Fungate Serendib: Sisi wa Kisiwa cha Karafuu na Wenzetu wa Kisiwa cha Mdalasini



Baada ya kila msimu wa harusi tunapata maswali mengi. Safari hii swali moja limetushughulisha kuliko yote. Bi harusi wa Mji Mkongwe, atakayeolewa mfunguo pili inshallah, amekubaliana na mchumba wake kwamba fungate yao wakaile Sri Lanka. Tiketi hawajakata, kwa sababu mama yake hataki. Kinachomkera si fedha wala umbali. Anasema: "Mwanangu, umeolewa kwa Qur'ani na maulidi, halafu unakwenda kuianza ndoa yako kwenye nchi ya masanamu?"

Hatumcheki mama huyu. Ni hofu ya mzazi, na wengi wetu tumelelewa nayo. Lakini tulipokaa kutafuta jibu tulijikuta tumefungua vitabu vya historia badala ya matangazo ya hoteli, na tuliyoyakuta yametufanya tuiandike makala hii. Kisiwa kile si kigeni kwetu hata kidogo. Tumejuana nacho zaidi ya miaka elfu moja.

Fungate ni nini hasa?

Tuanze na neno lenyewe. Zamani, kabla ya "saba" ya Kiarabu kukaa midomoni mwetu, Waswahili walihesabu saba kwa kusema "fungate". Ndiyo maana fungate ya bibi zetu ilikuwa siku saba. Bwana harusi aliingia nyumbani kwa mke, mlango ukafungwa, somo akawahudumia maharusi kwa chakula, maji ya kuoga, udi na maneno ya hekima. Hakuna aliyesafiri. Dunia yote ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda cha samadari, asumini na singo.

Leo maharusi wetu wanapanda ndege. Wako wanaosema tumeacha mila. Sisi tunaona lililo muhimu katika fungate halijabadilika: watu wawili wanapewa muda wa kujuana bila ya mtu kuwaingilia. Na mwanamke wa Unguja kuvuka bahari si jambo la jana. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka hadi Bombay kwenda kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu mwenye buibui lake, na alirudi akiwa fahari ya pwani nzima. Bahari ya Hindi haikuwa ukuta kwa wazee wetu. Ilikuwa barabara.

Ushanga wa Unguja Ukuu

Kusini mwa kisiwa chetu, katika Ghuba ya Menai, kuna kijiji cha Unguja Ukuu. Wengi tunapita pale tukielekea Kizimkazi bila ya kusimama. Chini ya minazi yake umelala mji uliokuwa bandari kubwa kati ya karne ya 6 na ya 10. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pale vyombo vya Uajemi na Uchina, na pia ushanga wa kioo. Kioo hicho kilipopimwa kwenye maabara, sehemu kubwa ilionekana kuwa ya aina iliyotengenezwa India Kusini na Sri Lanka.

Hebu lifikirie hilo, bi harusi. Kabla ya kujengwa msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ya Kikufi yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, mwanamke wa Unguja alikuwa akivaa ushanga wa kioo kutoka kisiwa kile. Shanga zako za kiunoni, ambazo somo atakupa huku akicheka chini ya mtandio, zina nasaba ya zamani kuliko majumba ya Shangani.

Kilicholeta ushanga ule ni kile kile kilichowaleta watu: pepo mbili. Kaskazi huvuma tokea Disemba hadi Machi na kuvileta vyombo kwetu, na kusi huvichukua kuvirudisha. Sri Lanka inaishi kwa pepo hizo hizo. Hata vyombo vyao vidogo vinatukumbusha kwetu. Ngalawa yetu ina marengu pande mbili. Mvuvi wa pwani ya Sri Lanka anatumia chombo kiitwacho oruwa, chenye rengu moja tu. Ukiviona asubuhi vikirudi na samaki utadhani uko Nungwi.

Serendib ya wasafiri na ya Nabii Adam

Waarabu walikiita kisiwa hicho Serendib, na pia Kisiwa cha Yakuti kwa wingi wa vito vyake. Ndiko Sindbad baharia alikofika katika safari yake ya sita kwenye hadithi za Alfu Lela U Lela. Msafiri wa kweli ni Ibn Battuta wa Tangier. Mwaka 1331 alipita pwani yetu akafika Mombasa na Kilwa, na akaandika namna watu wa Mombasa walivyokuwa wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Miaka 13 baadaye, mwaka 1344, akitokea Maldives ambako alikuwa kadhi, alishuka Serendib na kumwomba mfalme wa kaskazini ya kisiwa ombi moja tu: asaidiwe kwenda kuuzuru Mlima wa Adam.

Mlima huo una urefu wa mita 2,243, na juu yake kuna alama iliyo mfano wa unyayo mkubwa. Wabudha wanasema ni unyayo wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, na Waislamu wa zamani walisema ni wa Nabii Adam, alayhi salaam, alipoteremshwa kutoka peponi. Hapa tuwe waangalifu. Qur'ani inatueleza kuteremshwa kwa Adam bila ya kutaja mahali. Habari ya Serendib imo katika vitabu vya historia na tafsiri, na imani yetu haikusimama juu yake. Lakini jambo moja linatugusa: kwa karne nyingi watu wa dini mbalimbali wamepanda ngazi zile zile usiku, wakishikana mikono kwenye giza, kila mmoja na nia yake. Ibn Battuta alikwea kwa kushika minyororo iliyofungwa mwambani, akamaliza na akarudi salama na dini yake.

Mfalme Mbudha na Waislamu waliofukuzwa

Sasa tufike kwenye jibu la mama. Uislamu uliingia Serendib kwa njia ile ile ulioingilia kwetu, mikononi mwa wafanyabiashara waliooa wake wa pale wakatulia. Mji wa Beruwala, kusini ya Colombo, unahesabiwa na wenyeji kuwa miongoni mwa makao yao ya mwanzo. Wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii kama walivyo wengi wa Waunguja, kwa hiyo ukisali alfajiri nyuma ya imamu wao usishangae kumsikia akileta kunuti.

Kisha wakaja Wareno, na historia yetu na yao ikaingia kwenye dhoruba moja. Unguja ililazimishwa kulipa kodi mwaka 1503 baada ya nahodha wa Kireno kuviteka vyombo vyetu. Miaka miwili baadaye, 1505, Wareno wakatia nanga Ceylon. Kule walitaka mdalasini, na waliowakuta wakiushika usafirishaji wake ni Waislamu. Mwaka 1626 waliamua kuwafukuza Waislamu katika maeneo waliyoyatawala.

Nani aliwapokea? Mfalme Senarat wa Kandy, Mbudha, mlinzi wa hekalu. Aliwakaribisha katika ufalme wake, na inaelezwa kwamba watu 4,000 hivi aliwapa makaazi upande wa mashariki, Batticaloa. Hadi leo pwani hiyo ya mashariki ina miji na vijiji vingi vya Kiislamu, na adhana inasikika kila upande.

Tuliposoma hayo, tulikumbuka skuli ya madrasa na kisa tulichokihifadhi tungali wadogo. Masahaba walipoteswa Makka, Mtume wetu (S.A.W) aliwaelekeza Habasha kwa Najashi, mfalme wa dini nyengine, kwa sababu alikuwa mwadilifu na hadhulumu mtu. Katika msafara ule walikuwemo wanawake, akiwemo Bi Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe, pamoja na mumewe Uthman. Wanandoa wa Kiislamu kukaa ugenini chini ya ulinzi wa watu wa dini nyengine, basi, si jambo lililoanza na mitandao ya leo.

Ndugu zetu wasiokwenda kwa hiari

Tusingekuwa waaminifu kama tungesimulia ushanga na vito tu. Bahari iliyopeleka biashara ilipeleka pia minyororo. Wareno walichukua Waafrika kutoka Msumbiji na pwani ya mashariki wakawafanya askari na watumwa Ceylon. Wadachi, walioitwaa Colombo mwaka 1656, waliwatumikisha watumwa katika ujenzi, na mtaa mmoja wa Colombo umebeba jina la Kisiwa cha Watumwa kwa Kiingereza hadi zama zetu. Waingereza nao, baada ya kukishika kisiwa mwaka 1796, walinunua vijana kutoka Msumbiji kuwatia jeshini.

Vizazi vyao wako hai. Karibu na mji wa Puttalam kuna kijiji cha Sirambiyadiya ambako wanaishi watu wenye nyuso ambazo ungezikuta Makunduchi. Jina walilobandikwa linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya asiye Muislamu, ambalo Wareno waliliokota kwa wafanyabiashara wa bahari hii. Wengi wao sasa ni Wakatoliki, na wengine kwa kuoana na wenyeji wamekuwa Wabudha. Lugha ya mababu imewapotea. Kilichobaki ni ngoma yao iitwayo manja, inayoanza taratibu kisha ikapanda kasi hadi mtu akashindwa kukaa.

Sisi tunaopita Mkunazini, lilipokuwepo soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatuwezi kusema habari hii haituhusu. Bi harusi, mkipata nafasi ya kufika Puttalam, nendeni. Msiende kupiga picha za watu kama wanyama wa Jozani. Salimieni, nunueni chochote wanachouza, na waambieni mmetoka wapi.

Jikoni hatupotei

Baada ya hayo mazito, tuje kwenye yaliyo matamu. Mdalasini tunaoupanda Kizimbani na Kidichi asili yake ni Sri Lanka, na mti huo ndio uliowagombanisha Wareno, Wadachi na Waingereza. Ukiingia sokoni Colombo, pua yako itakuambia uko Darajani.

Wao wana appa, mikate ya unga wa mchele na tui la nazi iliyochachushwa. Kwetu ni vibibi, ila vyao ni vyembamba na vimejikunja kama bakuli. Tambi zao za mchele huzipika kwa mvuke wakazila na mchuzi asubuhi. Chatini yao ya nazi ina pilipili nyekundu na ndimu, na anayejua chatini ya urojo atajihisi nyumbani. Dafu lao lina rangi ya chungwa, na huuzwa barabarani na mtu mwenye panga, kama Forodhani.

Lakini kilichotufurahisha zaidi ni sinia. Waislamu wa Sri Lanka kwenye harusi hula buriani katika sahani kubwa moja, watu 6 wakiizunguka. Wanaiita sawan. Neno hilo na "sahani" yetu ni ndugu wa tumbo moja, mama yao ni Kiarabu. Na mwisho wa karamu huletwa watalappan, kitamu cha mayai, tui la nazi, sukari ya mtende wa kule na iliki. Kama mnaalikwa harusini, basi harusi yenu wenyewe itaendelea ugenini.

Hata fedha zao zina kumbukumbu. Sri Lanka bado wanatumia rupia. Zanzibar nayo ilitumia rupia hadi ilipoingia shilingi mwaka 1936. Mabibi wa zamani walihesabiwa mahari kwa rupia, na bi harusi wa leo atazihesabu tena akinunua kitambaa Colombo.

Sisi sasa ndio wageni

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo na kutafakari.

Sisi wa Mji Mkongwe tunajua mgeni ni nini. Tunawaona kila siku wakipita Hurumzi na Gizenga na vikaptula na mabega wazi, wakati watoto wanatoka chuoni. Tunawaona wakichungulia milango ya misikiti na kuelekeza kamera kwa bibi aliyekaa barazani bila ya kumuuliza. Tunanung'unika, na tuna haki. Tumeandika mabango, tumeomba heshima, tumesema kila mara: kisiwa hiki kina wenyewe na wenyewe wana dini yao.

Basi siku utakayoshuka uwanja wa ndege wa Colombo, wewe ndiye mgeni yule. Kila ulilolitamani kwa mtalii wa Unguja, wao wanalitamani kwako. Mbele ya sanamu la Buddha watu wa kule hawageuzi mgongo ili wapige picha, na wageni wameshawahi kurudishwa kwao kwa kuchora sanamu hilo mwilini. Kwenye hekalu viatu huvuliwa na miguu na mabega hufunikwa. Kwa hili buibui lako limekutangulia. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi mkono. Ukiona unapita mahali pa ibada ambapo moyo wako hautaki kuingia, hulazimishwi. Baki nje, kaa kivulini, msubiri mwenzako. Kuangalia jengo la kale ni jambo moja, kushiriki ibada ni jambo jengine, na Muislamu anajua mpaka wake. Aya ya 13 ya Surat al-Hujurat inatukumbusha kwamba tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana hakuna sharti la kuabudu pamoja, wala hakuna nafasi ya kudharau.

Na kuna jambo zuri tuligundua. Kila mwezi mwandamo ukikamilika, Sri Lanka nzima hupumzika. Siku hiyo inaitwa poya. Maduka ya nyama na ya pombe hufungwa, na Wabudha wachamungu huvaa nguo nyeupe, hushinda hekaluni na hawali baada ya mchana. Sasa tazama kalenda yetu: tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu ni masiku meupe, ambayo ni sunna kuyafunga. Mwezi ule ule ukiwa mpevu, wao wamevaa nyeupe na wewe umefunga siku nyeupe. Hakuna atakayekushangaa kwamba huli.

Jeraha ambalo halijapona

Mama wa bi harusi ana haki pia ya kuambiwa ukweli wote. Waislamu wa Sri Lanka, ambao ni kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi, wamepitia miaka migumu. Tarehe 21 Aprili 2019, siku ya Pasaka, watu waliojiita Waislamu waliripua makanisa na hoteli na kuua watu zaidi ya 250. Mwezi uliofuata makundi ya wahuni yalishambulia maduka, nyumba na misikiti ya Waislamu wasiohusika na lolote, na serikali ilipiga marufuku kwa muda kufunika uso. Kisha likaja janga la korona. Kuanzia Aprili 2020 hadi Februari 2021 kila aliyefariki kwa maradhi hayo alichomwa moto, Waislamu wakiwemo. Familia zilinyimwa haki ya kuosha, kukafini na kuzika. Ruhusa ya kuzika ilipotoka, maiti walipelekwa Ottamavadi, mashariki, mbali na nyumbani kwa wengi. Mwaka 2024 serikali iliomba radhi.

Tunayasema haya kwa sababu bi harusi hapaswi kwenda akiwa kipofu. Lakini tunamwomba pia atazame upande wa pili: Mbudha aliyekuwa jirani mwema hakugeuka adui kwa sababu ya wahuni, kama sisi tusivyotaka kuhukumiwa kwa vitendo vya wauaji. Mwaka 2022 nchi nzima ilifilisika. Watu wa dini zote walipanga foleni moja ya petroli na gesi, na walipoandamana kumtaka rais aondoke walisimama pamoja. Waislamu walifuturu pale pale kwenye uwanja wa maandamano Ramadhani ile. Kisiwa kinachoishi kwa wageni kama chetu kinajua thamani ya mgeni anayekuja kwa adabu na kununua kwa mwenyeji.

Kwa yule aliyekwisha ridhiwa na mama yake

Kama mama amesoma hadi hapa na moyo umelainika, haya ndiyo ya kupanga.

Kwanza, fuateni pepo kama wazee. Harusi ikiwa msimu wa kaskazi, Disemba hadi Machi, nendeni kusini na magharibi: Galle, Bentota, Mirissa. Bahari ya huko inakuwa shwari. Harusi ikiwa msimu wa kusi, tokea Mei hadi Septemba, upande huo una mvua na mawimbi, basi geukieni mashariki, Trincomalee na Pasikudah. Mlima wa Adam hupandwa tokea poya ya Disemba hadi ile ya Mei. Ngazi zake ni maelfu, kwa hiyo bi harusi aliyezowea viatu vya kisigino atafute raba.

Pili, ndege. Safari kutoka kwetu kwa kawaida hupitia Ghuba, Doha au Dubai. Ruhusa ya kuingia Sri Lanka huombwa kwa mtandao kabla ya kuondoka. Masharti na ada hubadilika, basi angalieni kwenye ukurasa wa serikali yao wenyewe kabla ya kulipa tiketi.

Tatu, chakula. Miji yote mikubwa ina mikahawa ya Waislamu, na nembo ya halali hutolewa na Halal Accreditation Council. Vijijini, wali na michuzi ya mboga, dengu na fenesi changa utakukinga. Ulizeni tu kama mchuzi una nyama gani, na hoteli za ufukweni ulizeni pia kuhusu pombe jikoni.

Nne, sala. Misikiti ni mingi, na wa kutazamwa kwa uzuri ni Jami Ul-Alfar wa mtaa wa Pettah, Colombo, wenye mistari myekundu na myeupe, uliokamilika mwaka 1909. Ila misikiti mingi haina sehemu ya wanawake, basi chukua mswala wako mwepesi ndani ya mkoba. Kuhusu kupunguza sala, kwa Shafii anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, husali kamili. Mwulizeni sheikh wenu kabla ya safari ili msibishane njiani. Bi harusi na mumewe hawana tatizo la mahram. Kwa wale mashoga wanaotaka kwenda wenyewe, hilo nalo mlifikishe kwa wanazuoni.

Tano, mavazi. Pamba nyepesi, mitandio ya kubadilisha kwa sababu ya jasho, na nguo yako ya kuogelea ya stara. Wanawake wa Kiislamu wa kule huvaa abaya pia, hutakuwa peke yako.

Kibla

Tumalizie na jambo dogo. Hapa Unguja, Makka iko juu yetu moja kwa moja, kwa hivyo tunasali tukielekea kaskazini. Ukifika Sri Lanka kibla kinahama. Unaelekea magharibi, ukipindia kidogo kaskazini, yaani uso wako uko upande wa bahari ile uliyoivuka. Kila mara utakaposimama kusali na mumeo nyuma yake, nyote wawili mtakuwa mmeielekea Al-Kaaba, na mtakuwa mmeelekea pia bahari iliyoleta ushanga wa Unguja Ukuu, iliyombeba Ibn Battuta, na iliyowachukua wale wa Sirambiyadiya wasirudi tena.

Mama mpendwa, mwanao haendi kuianza ndoa yake kwenye masanamu. Anakwenda na sala zake tano, na dua zako. Mpe udi kidogo auchome chumbani usiku wa kwanza, mwambie asisahau kupiga simu, na akirudi akuletee mdalasini. Utaupika pilau, na utaona ladha yake unaijua.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wote mapenzi na huruma, na awafikishe na awarudishe salama. Amin.